Sentimita Sita za Mshono

Mliokuwa mkiuma kucha tangu toleo lililopita, endeleeni tu. Mama yetu bado yuko juu.

Yuko kwenye kiti chake cha magurudumu, kiti kiko kwenye jukwaa la lifti, na jukwaa linapanda katikati ya ghala la muuzaji. Alikuja kujaribu tu, kabla ya kununua. Kidole ameshakiondoa kwenye kitufe, lakini jukwaa halina habari. Linapanda taratibu, na juu ya kichwa chake kuna boriti ya chuma.

"Achia kitufe, mama!" muuzaji alipiga kelele kutoka chini.

"Nimeachia!"

"Achia kabisa!"

"Mikono yangu hii hapa yote miwili, au huioni?"

Aliinyanyua hewani kumwonyesha, na vidole vikagusa boriti. Aliishusha upesi kama aliyeunguzwa.

Bintiye, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amesimama pale chini na pochi ya mama yake mkononi. Ni yeye aliyemshawishi. "Panda tu ujaribu, mama, hutalala huko," alimwambia dakika tatu zilizopita.

Muuzaji mnamjua, yule tuliyempa jina la Hamna Shida kwa sababu hana jibu jingine duniani. Alibonyeza kila kitu alichokiona ukutani. Aliwasha taa, akawasha feni, akazima feni.

"Hamna shida," alisema, huku jasho likimtiririka hadi kwenye tai.

Mama akainamisha kichwa. Boriti ikagusa kitambaa chake cha kichwani, ikaanza kukisukuma nyuma. Akainama zaidi, kidevu kikafika kifuani. Mgongo wenyewe ni ule uliovunjika kwenye ngazi miezi kumi na moja iliyopita, haupindi kama wa kwako wewe unayesoma.

"Mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa ndogo mno, "nimefika mwisho wa kuinama."

Hapo ndipo mtu alipompita mwalimu kwa kasi, akamkanyaga na kuomba radhi hewani. Alikuwa fundi wa lifti wa pale ghalani, dada mmoja mfupi mwenye ovaroli ya bluu. Alikwea rafu ya vipuri, akanyoosha mkono, akapiga kitufe chekundu kwa ngumi.

Mota ilinyamaza, na jukwaa likasimama.

Fundi alishuka, akapiga magoti chini ya nguzo ya mtambo na kufungua vali ya kushushia kwa mkono. Jukwaa lilirudi chini polepole. Lilipogusa sakafu, mwalimu alimkumbatia mama yake na kulia bila kujali nani anamtazama.

Fundi hakuwa na muda wa kulia. Alikuwa amebandika jicho kwenye kitufe cha kupandia.

"Mama, una kitu chembamba hapo?"

Mtu akimwuliza fundi cherehani kama ana sindano! Mama aliichomoa kwenye ukosi wa blauzi yake. Dada wa ovaroli akachokonoa pembeni mwa kitufe, akavuta, akainua kitu kwenye mwanga.

Kilikuwa kipande cha njiti ya kiberiti.

"Nani kaweka hiki?"

Hamna Shida alikohoa. "Ile ni huduma kwa mteja. Kile kitufe kigumu, wazee wanalalamika vidole vinachoka. Ukiweka njiti, unabonyeza mara moja tu, unastarehe."

"Unastarehe?" Fundi alimsogelea. "Bosi, kitufe kimetengenezwa kiwe hivyo makusudi. Unabonyeza, inakwenda. Unaachia, inasimama. Mtu akizimia, akishtuka, hata akifa pale juu, kidole kinaachia na lifti inasimama. Wewe umeweka njiti. Umemnyang'anya mama wa watu breki!"

"Hamna..."

"Usilimalizie hilo neno!" mwalimu alifoka, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, hakulimalizia.

"Nirudisheni nyumbani," mama alisema. "Basi. Nitakaa chini nishone vifungo."

Alijaribu kufungua breki za kiti aondoke. Ya kulia ilifunguka. Ya kushoto ilikataa, akaisukuma mara mbili, mara tatu.

"Hii imekaza," fundi alisema akimsaidia. "Itie mafuta."

"Baba watoto kaniahidi tangu mwezi uliopita. Anasema kesho." Kisha machozi yakamshinda. "Dada yangu, mimi cherehani yangu iko juu. Meza yangu iko juu, dirisha langu lenye mwanga liko juu. Miezi kumi na moja naisikia tu sauti ya mume wangu akikata vitambaa juu ya kichwa changu. Lakini miguu imekwenda, mikono ndiyo niliyobaki nayo, na leo nusura niiache kwenye boriti ya huyu bwana. Siwezi tena. Naogopa."

Fundi alichuchumaa mbele yake.

"Ogopa, mama. Mimi mwenyewe naziogopa, ndiyo maana niko hai. Lakini ngoja nikuonyeshe kitu kimoja, halafu uondoke."

Alilipandisha jukwaa tupu kwa kidole chake mwenyewe. Akaweka boksi la karatasi chini yake, boksi lile jepesi la viatu, kisha akabonyeza kushuka. Jukwaa likaja, likaja, ukingo wake wa chini ukaligusa boksi.

Likasimama papo hapo, na boksi halikubonyea hata kona.

"Unaona huu mpira?" Alipitisha kiganja kuzunguka jukwaa. "Fremu yake inazunguka pande zote, na imepita hadi chini. Ikigusa chochote, mkono, nguo, mtoto, paka, mtambo unazima wenyewe. Hii ndiyo roho ya lifti. Yote mengine ni chuma tu."

"Na kama ni mkono wangu?"

Fundi alilinyanyua tena jukwaa, akatoa boksi, akaweka mkono wake mwenyewe, akamwambia mwalimu abonyeze. Mwalimu alibonyeza huku amefumba macho. Jukwaa likashuka, likagusa, likasimama. Fundi akatoa mkono, akavichezesha vidole vyote vitano.

Mama alifuta uso. Alilitazama jukwaa kwa jicho analotazamia mshono wa mtu mwingine.

"Umeme ukikatika?"

"Kuna betri. Inaendelea na safari kama kawaida."

"Mzigo?"

"Kilo mia mbili na hamsini. Wewe, kiti chako, na mzee wako akitaka kukusindikiza."

"Akisindikiza ataongea njia nzima." Akatabasamu kidogo. "Hii. Bila njiti. Hii nitaichukua."

Mwalimu alihisi mzigo umeshuka mabegani. Hadithi ingeishia hapo, msomaji, tungepeana mikono na kila mtu akaenda kwake. Lakini Hamna Shida alikuwa anacheka.

"Mtaichukua mara ngapi? Mbona mzee wenu alishachukua?"

"Mzee gani?"

"Baba yenu, fundi nguo, yule mwenye futi ya kupimia shingoni. Alikuja juzi na vipimo vyake, akasema nisimwambie mtu, anataka mke wake ashtuke. Imepelekwa leo asubuhi. Hivi sasa nadhani wameshaifunga. Nikawaza na ninyi mmekuja kuiona tu ilivyo."

Akatoa karatasi mfukoni. Mwandiko ulikuwa wa Baba, ule wa chaki, mkubwa na wa kulala. *Upana wa nafasi: sentimita 96.*

Mama aliisoma mara moja. Akaisoma tena.

"Ile nafasi kando ya ngazi ni tisini," alisema. "Niliipima mwenyewe tulipotaka kuweka kabati la vitambaa. Tisini kamili."

"Labda Baba kakosea kusoma," mwalimu alisema.

"Baba yako hakosei kusoma futi. Miaka thelathini na tano hajakosea." Akahesabu kwa vidole. "Tatu huku, tatu huku. Ameongeza nafasi ya mshono."

Naam. Ndivyo alivyofunzwa, na ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Kiuno, ongeza tatu kila upande. Bega, ongeza tatu kila upande. Wateja wanampenda kwa hilo, maana wakinenepa nguo zake hupanuliwa. Sasa alikuwa ameupimia ukuta wa matofali kama anayepima sketi.

"Mtambo wa tisini na sita kwenye nafasi ya tisini hauingii," fundi alisema polepole. "Walioufunga wamefanyaje?"

Alimgeukia bosi wake. Hamna Shida alikuwa anatazama viatu vyake.

"Walinipigia. Wakasema imebana kidogo. Na mlango wa chini nao haukuenea. Nikawaambia... nikawaambia watoe kile kimpira."

"Fremu?"

"Sentimita tatu huku, tatu huku. Ikaingia barabara."

"Na njiti?" Fundi sasa alikuwa ananong'ona. "Na ile pia uliiwekea njiti?"

Hamna Shida hakusema hamna shida.

Mwalimu alikuwa ameshatoa simu. Iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Safari ya tatu Baba akapokea, na nyuma yake mota ilikuwa inanguruma.

"Mwanangu! Msirudi kwanza! Nina jambo langu hapa!"

"Baba, shuka! Ondoka kwenye hiyo lifti!"

"Nani kakwambia? Yule muuzaji mdomo wake haufungi! Nakusikia kwa mbali, hii inapiga kelele. Mafundi wameshaondoka, nimepanda mara nne! Ungeona ilivyokaa ukutani, imebana kama kiuno cha sketi. Nainama hapa naangalia pembeni, hata kidole hakipi..."

"Baba, usiiname!"

Simu ilikatika.

"Futi," mama alisema. "Anayo shingoni?"

"Lini hajawahi kuwa nayo, mama?"

"Na ameifunga fundo kifuani, ili isimponyoke akiinama mezani. Nimemwambia mara ngapi aache lile fundo, jamani, mara ngapi!"

Walipanda gari la kazi la fundi, mama mbele, mwalimu na kiti nyuma pamoja na spana na kamba. Fundi aliendesha kama mtu aliyeiba gari lenyewe. Mwalimu alipiga simu njia nzima. Iliita bila kupokewa. Mama alikuwa ameshika mkasi wake mkubwa mapajani, ule unaokaa siku zote kwenye mfuko wa pembeni wa kiti, na hakujua ameutoa saa ngapi.

Mlango wa duka, pale pale nyumbani kwao, ulikuwa wazi. Walisikia mota kabla hawajaona kitu. Sauti ya mtu haikusikika.

Jukwaa lilikuwa limeshapita kimo cha mtu, na lilikuwa linapanda.

Baba alikuwa juu yake, kwenye safari nyingine tena, simu ameisahau kaunta, amepiga magoti, shavu limebanwa kwenye ukingo, mikono yote miwili inahangaika shingoni. Ncha ya chuma ya futi ilikuwa imepenya kwenye upenyo kati ya jukwaa na ukuta, pale pale palipokuwa na mpira, ikanasa kwenye bolti. Futi zile hazikatiki kwa mkono. Kila jukwaa lilipopanda kidogo, nalo fundo lilikaza kidogo. Aliuona mlango unafunguka. Aliona kiti cha magurudumu kinaingia. Alitaka kusema kitu na hakuweza.

"Swichi kuu!" fundi alipiga kelele.

"Nyuma, jikoni!" mama alijibu.

Fundi akatimka. Mwalimu akazipanda ngazi mbili mbili, akafika juu, akalivaa lango la lifti. Lango lilikuwa limefungwa. Hufunguka jukwaa likishafika, na hilo peke yake kwenye mtambo mzima lilikuwa limefungwa sawasawa.

"Baba! Baba, nitazame!"

Taa zikazimika duka zima. Feni ikapunguza mwendo. Fundi alikuwa ameifikia swichi.

Mota ikaendelea kunguruma.

Betri. Mama aliikumbuka sauti yake mwenyewe, saa moja iliyopita, akiuliza kama mnunuzi makini, umeme ukikatika?

Kitufe chekundu cha chini alikiona. Kilikuwa bado kwenye boksi lake, juu ya kaunta, hakijafungwa popote. Lango la chini, lile lisiloenea, lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mbele yake nafasi ya lifti ilikuwa wazi.

Aliogopa. Msinielewe vibaya kwa yatakayofuata, aliogopa kuliko alivyoogopa chini ya boriti. Kisha akasukuma magurudumu.

Aliingia mpaka chini ya jukwaa kabisa, pale linapolala likishuka. Alifunga breki zote mbili kiti kisimponyoke, akajisukuma kwa mkono mmoja mpaka akainuka kwenye kiti. Futi ilikuwa imekaza ukutani juu ya kichwa chake, namba zote zinasomeka. Akanyoosha mkasi.

Meno ya mkasi yakapiga ukuta, plasta ikamwangukia machoni na mdomoni.

"Mungu wangu, nipe sentimita mbili tu."

Akajinyanyua tena. Kitu mgongoni kikalia, maumivu yakapanda hadi kisogoni. Akafungua mkasi, akaulisha futi, akafumba mkono kwa nguvu zote za miaka aliyokata khaki na jinzi.

Futi ilikatika.

Juu yake kitu kizito kilianguka kwenye bati. Halafu Baba akakohoa. Alikohoa vibaya, kikohozi cha kutisha, na mama alidhani hajawahi kusikia sauti nzuri kuliko ile.

"Yuko hai!" mwalimu alilia kutoka juu. "Mama, yuko hai! Baba, kwenye kitufe, kuna njiti! Itoe!"

Kucha za Baba zilisikika zikikwaruza. Njiti ikadondoka kupitia upenyo, ikatua mapajani mwa mama. Mota ikazima. Duka likabaki na giza la dirisha lililofungwa.

Mama alitazama juu. Chini ya jukwaa palikuwa na chuma kitupu, na matundu ya skrubu pale fremu ya mpira ilipokuwa. Kutoka pale alipokaa angeweza kuyahesabu.

Alishika breki ya kulia, ikafunguka. Akashika ya kushoto.

Ilikaza.

Akaisukuma. Akaipiga kwa mpini wa mkasi. Hakuogopa sana bado, kwa sababu lifti ilikuwa imesimama.

Na huko juu Baba aliinuka kwa kushika ukingo. Shingo ilikuwa na alama nyekundu pande zote. Alimwona binti yake nyuma ya lango, akamwinulia mkono. Kisha akakumbuka kiti alichokiona kikiingia mlangoni. Alichungulia ukingoni na hakuona mtu, maana fundi alikuwa bado jikoni akihangaika na swichi. Chini ya miguu yake mwenyewe hakuweza kuona.

"Mke wangu!" Sauti ilikuwa imekwaruzika, haikuvuka hata ngazi. "Uko wapi? Usilie, nakuja!"

Mama alifungua mdomo kumzuia. Vumbi la plasta lilikuwa limejaa kooni, pakatoka pumzi tu. Mota ikanguruma tena na kuimeza hata ile pumzi.

Chuma kikaanza kushuka.

Kitufe hakikuwa na njiti safari hii. Kilikuwa kinafanya kazi vile hasa kilivyotengenezwa: lifti itasimama mara tu mtu atakapoachia. Na Baba alikuwa amekikandamiza kwa vidole gumba vyote viwili ili amfikie mkewe upesi, na hakuwa na nia hata kidogo ya kuachia.